Siku Ufunguo wa Lifti Ulipokwenda kwa Shangazi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wagonjwa wa ghorofa ya tano wakiwa bado wanabishana na usingizi, binti mwembamba mwenye ovaroli ya bluu anapanda ngazi ya mwisho kuelekea juu ya paa la hospitali. Ovaroli imekunjwa mikono mara tatu na miguu mara mbili. Ilishonwa kwa ajili ya mwanamume, na mwanamume mwenyewe lazima alikuwa anapenda kula.

Anafungua mlango wa chuma. Ndani ni chumba cha mashine: mota kubwa kama ng'ombe aliyelala, kapi lake, nyaya sita za chuma zinazong'aa kwa grisi, na ukutani sanduku la kijivu lenye swichi kuu. Anaishusha swichi. Mota inakoroma mara moja, kisha kimya.

Anatoa kufuli jekundu mfukoni, analipitisha kwenye tundu la swichi, analibana. Analivuta mara mbili. Ufunguo wake umefungwa kwenye kamba ya kiatu. Anauvaa shingoni na kuutumbukiza ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna mwanamume wa hospitali hii atakayethubutu kuufuata.

"Sasa naweza kuingia shimoni," anasema. "Swichi ile, hata aje nani, haiwaki mpaka anione mimi."

Anashuka ghorofa moja, anafungua mlango wa lifti kwa ufunguo wa pembe tatu, anakanyaga juu ya paa la kijumba chenyewe, tochi mdomoni, na kuanza kupitisha kitambaa cha pamba kwenye waya mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto pua.

"Uzi wa chuma ukikatika, unanasa kitambaa," anaeleza, tochi ikiwa bado mdomoni, kwa hiyo inabidi kumwomba arudie. "Jicho linaweza kuchoka. Kitambaa hakichoki."

Ana umri wa miaka ishirini na minne. Cheti chake kina jina zuri la kuitwa, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia wafua mashuka mpaka mganga mkuu, wote wanamwita Binti Kufuli. Jina hilo alilipata siku chache kabla ya kuajiriwa, na alilipata kwa aibu ambayo leo anaivaa kama nishani.

Hospitali ina ghorofa tano, vitanda mia mbili na kumi, na lifti moja tu. Lifti ikilala, wagonjwa wanapandishwa ngazi kwa machela, mabegani mwa watu. Mmoja wa watu hao ni baba yake.

Baba huyo amebeba machela miaka ishirini na miwili. Wenzake wanamwita Kapteni, kwa sababu akishika machela mbele hutoa amri kama yuko melini: "Kulia! Taratibu! Kichwa juu! Mama, usiangalie chini, niangalie mimi mgongo!" Goti lake la kushoto hulia kila akipiga hatua, na yeye husema ndilo linalompigia filimbi.

Binti alimaliza stashahada ya umeme na mitambo mwaka juzi. Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na msichana alikuwa yeye peke yake. Siku ya kwanza mwalimu wa karakana alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza kama amepotea njia, chumba cha ushonaji kiko upande wa pili.

"Nikamwambia, ushonaji upo nyumbani, mama ana cherehani mbili. Mimi nimekuja kutafuta mashine inayoweza kuniua," anasema. "Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, lakini alinipa bisibisi."

Baada ya chuo alikaa miezi kumi na moja bila kazi. Alipeleka barua za maombi arobaini na sita. Majibu yalikuja matatu, na moja liliandikwa kwa "Bwana".

Halafu katika juma moja, kazi mbili zikabisha hodi.

Ya kwanza ilitoka kwa kampuni inayofunga na kutunza lifti za mahoteli na majengo ya ofisi. Mshahara laki tisa kwa mwezi, nauli, matibabu, na mashati mawili yenye nembo kifuani. Ya pili ilitoka hapa hospitalini: laki nne na nusu, ovaroli moja, na chai ya saa nne. Kila upande ulimtaka aje siku moja ya majaribio, kisha atoe jibu Jumatatu.

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe mchana ni duka la mama la kushona sare za shule. Usiku Binti Kufuli hulala kitanda kimoja na wadogo zake wawili. "Wa katikati ndiye anayepiga mateke," anasema, "na mimi ndiye ninayelala ukingoni."

Katika nyumba kama hiyo, laki tisa haihitaji kujadiliwa. Mama alikwishapima dirisha kwa ajili ya mapazia mapya. Shangazi, dada mkubwa wa Kapteni, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo, alikwishawatangazia majirani wa mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yake amepewa gari.

"Shangazi, ni nauli," binti alimwambia.

"Nauli ni ya kupandia nini?"

"Basi."

"Basi si gari?"

Kapteni naye alikuwa upande huohuo. Hakutaka kusikia habari za hospitali. "Nimebeba watu miaka yote hii ili wewe usibebe hata kikapu," alimwambia. "Uje tena kuniona nikihema kwenye ngazi? Nenda kwenye jengo lenye vioo. Nenda ukakae mahali penye kiti."

Jumanne akaenda penye kiti.

Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na nne na harufu ya marashi. Msimamizi, kijana mchangamfu mwenye viatu vilivyochongoka kama midomo ya ndege, alimkaribisha vizuri, akamnunulia soda, akamwonyesha orodha ya kazi kwenye simu yake. Kila kazi ilikuwa na dakika zake. Kubadilisha taa, dakika sita. Kusafisha reli ya mlango, dakika kumi na mbili. Dakika zikizidi, orodha inakuwa nyekundu, na msimamizi naye anakuwa mwekundu.

Siku hiyo fundi mmoja mrefu wa kampuni alikuwa ameweka kufuli lake kwenye swichi ya lifti ya wageni. Katika kazi hii ndivyo ilivyo kila mahali: kila fundi ana kufuli lake, ufunguo ni mmoja, na ufunguo uko mwilini mwake. Anayeingia shimoni anafunga mwenyewe, anayetoka anafungua mwenyewe. Ukiliona kufuli la mtu kwenye swichi, maana yake ni moja: mtu yumo.

Orodha ikawa nyekundu. Wageni wakaanza kunung'unika chini. Msimamizi akaita mara mbili, hakujibiwa. Akatazama saa. Zikapita dakika saba. Akashuka mpaka kwenye gari lake, akarudi na mkasi wa kukatia vyuma, mrefu kama mkono, akalikata kufuli, *kach*, akapandisha swichi. Lifti ikaondoka.

Fundi mrefu akatokea chooni, bado anafunga mkanda. Akaliona kufuli lake sakafuni vipande viwili.

"Aa, bosi! Hilo la tatu mwezi huu!"

Wakacheka wote. Binti naye akacheka.

"Nilicheka," anakiri, na safari hii tochi ameitoa mdomoni. "Nisidanganye. Ilikuwa inachekesha. Mtu ametoka chooni anakuta kufuli limekatwa. Nilirudi nyumbani nikawasimulia mezani, mama akacheka mpaka akajichoma sindano."

Kapteni hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Walijua yuko chooni?"

"Hawakujua, baba. Ndiyo kichekesho chenyewe."

Kapteni akanyanyuka, akaenda kulala, chai ameiacha nusu. Watu wa nyumba wakadhani ni goti.

Alhamisi ikawa zamu ya hospitali.

Fundi mkuu wa hapa ni mzee wa miaka hamsini na minane anayeitwa Mzee Grisi, kwa sababu zinazoonekana kwenye kila shati alilo nalo. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Haongei sana. Alimpokea binti saa moja asubuhi, akampa ovaroli, akampa kufuli jipya alilolipaka rangi nyekundu yeye mwenyewe, rangi ikiwa bado inanata.

"La kwako," alisema. "Mimi sina ufunguo wake. Hospitali haina ufunguo wake. Ukiupoteza, umepoteza wewe."

Kazi ilikuwa kurekebisha mlango wa ghorofa ya tatu uliokuwa unafunga kwa hasira. Tochi ya karakana ilikuwa imekufa, kwa hiyo binti alimulika kwa simu yake mpaka chaji ikaisha. Alirekebisha mlango. Ukawa unafunga kama mtu mwenye adabu. Mzee Grisi aliujaribu kwa mkono mara nne, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Malizia, fungua kufuli, washa, kisha uende nyumbani," naye akashuka stoo kuchukua grisi.

Sasa hapa ndipo furaha ilipomponza. Binti alikusanya vifaa, akajifuta mikono, akavua ovaroli, akaitundika vizuri kwenye msumari. Kichwa kilikuwa kimejaa ule mlango wake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali. Akashuka ngazi mbio, akapita geti la jikoni kwa kuwa lilikuwa karibu na kituo cha basi, akaenda moja kwa moja kwa shangazi, upande wa pili wa mji, kumweleza kwamba amerekebisha mlango.

Kufuli likabaki kwenye swichi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mzee Grisi aliporudi na kopo lake akaona kufuli jekundu. Akaita shimoni. Kimya. Akaenda ghorofa ya tatu, akafungua mlango, akaita tena. Akapiga simu ya binti. Imezimwa.

Akashuka mpaka chini kabisa, akamulika kwenye shimo. Akapanda mpaka juu ya kijumba, akamulika. Hakuona mtu. Lakini shimo la lifti lina giza na kona, na mzee wa miaka hamsini na minane mwenye tochi ya kuazima hawezi kuapa kwamba ameziona zote.

Mlinzi wa getini akaulizwa.

"Yule binti? Nadhani nimemwona akitoka."

"Unadhani au umemwona?"

"Nimeona sketi."

"Alivaa suruali."

"Basi sijamwona."

Chini, wagonjwa walianza kujipanga. Wa kwanza kupandishwa ngazi alikuwa mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, na aliyeshika machela mbele alikuwa Kapteni. Alimfikisha ghorofa ya nne, akashuka, akambeba mzee wa mguu uliovunjika. Safari ya tatu ndipo alipouliza, huku akipumua kama mvukuto, lifti ina nini leo.

"Kuna kufuli," muuguzi akamjibu. "La yule fundi mpya wa majaribio. Hajulikani alipo."

Kapteni aliweka machela chini. Mgonjwa alikuwa ameshashuka, kwa bahati yake. Akapanda ngazi mpaka juu ya paa.

Huko juu palikuwa na makelele. Katibu wa hospitali, bwana mnene mwenye tai, alikuwa amepanda ghorofa zote tano kwa miguu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na hasira yake ilikuwa na jasho ndani yake. Alikuwa amekuja na mtu wa bustani na msumeno wa chuma. Mzee Grisi alikuwa amesimama, mgongo wake ameugandamiza kwenye sanduku la swichi.

"Lifti hii ni ya nani?" katibu alifoka. "Yako au ya hospitali?"

"Ya hospitali."

"Basi kata!"

"Lifti ya hospitali, mkubwa. Kufuli la binti. Nimwone kwanza kwa macho yangu, amesimama kwa miguu yake. Hapo nitakata hata shingo yangu."

"Umemtafuta shimoni, hayumo!"

"Sijamwona. Kutomwona na kutokuwemo ni vitu viwili."

"Nitakuandikia barua ya onyo!"

"Andika. Uandike ukiwa umekaa, ngazi zimekuchosha."

Kapteni alisikia hayo yote akiwa mlangoni. Hakusema yeye ni nani kwa fundi mpya. Akaketi kwenye ngazi ya mwisho, na akabaki ameketi.

"Nilikuwepo siku ile ya vidole," anasimulia leo, akijisugua goti. "Miaka kumi na tisa iliyopita. Huyu Grisi alikuwa shimoni, kufuli lake liko kwenye swichi. Mkubwa wa wakati huo akasema likatwe, kuna mgeni wa heshima anakuja kuitembelea hospitali. Likakatwa. Lifti ikapanda. Vidole viwili vikabaki kwenye kapi la juu ya kijumba. Mimi ndiye niliyembeba kumteremsha, na ngazi zote zile hakulia, aliniuliza tu, 'Kapteni, nani amekata?' Sasa mimi nimekaa pale nawaza, mwanangu yumo mle ndani. Na yule bwana ana msumeno."

Aliyeutafuta ufunguo ni mama. Alipigiwa simu na muuguzi aliyeikuta namba ya nyumbani kwenye barua ya maombi, akaacha sare ya mtoto wa watu chini ya sindano, akaanza kupiga simu kwa kila mtu anayemjua mpaka akafika kwa jirani wa shangazi. Jirani akapiga kelele ukutani. Shangazi akaletewa simu, shangazi akampa binti, ambaye wakati huo alikuwa na kipande cha mkate mdomoni na alikuwa kwenye sehemu tamu kabisa ya hadithi ya mlango.

"Uko wapi?" mama aliuliza.

"Niko kwa shangazi, mama."

"Uko hai?"

"Niko kwa shangazi, nimekwambia..."

"Nimekuuliza uko hai!"

Binti akatia mkono mfukoni. Vidole vikagusa ufunguo.

Alirudi kwa pikipiki, shangazi nyuma yake amemng'ang'ania kiunoni, kwa sababu shangazi hawezi kukosa jambo. Alipanda ghorofa tano bila kusimama. Saa saba kamili alifika juu ya paa, kamasi na machozi vimechanganyika, akamkuta Mzee Grisi amesimama palepale, mgongo kwenye sanduku. Karibu masaa matatu. Hakwenda hata kunywa maji.

Mzee alimtazama miguuni kwanza, kisha mikononi. Akahesabu vidole. Kisha akasogea pembeni.

"Fungua," alisema.

Alifungua. Alipandisha swichi. Mota ikakoroma.

"Najua nimefukuzwa," binti alisema.

"Kwani umeajiriwa?" Mzee Grisi alijibu. Akachomoa kamba ya kiatu chake cha kulia, akampa. "Ufunguo hukaa shingoni. Mfukoni wanaweka karanga."

Katika masaa hayo matatu wagonjwa tisa walipandishwa kwa machela. Binti aliwafuata mmoja mmoja kitandani kuwaomba radhi. Mama yule wa upasuaji alimjibu kwamba ameshasamehe, ila amwambie mbeba machela wa mbele apunguze amri.

Na Kapteni? Alinyanyuka kwenye ngazi, akamshika binti yake kichwa kama anavyoshikwa mtoto anayepimwa homa, akashuka zake kuendelea na kazi.

Jumapili jioni palikaliwa kikao sebuleni, katikati ya sare za shule. Binti alisema ameamua: anachukua ya hospitali.

Mama akaanza kulia palepale. Laki tisa! Na mapazia! "Mwanangu, watu wanatafuta pesa hizo kwa tochi, wewe unazikimbia?"

Shangazi alikuwa na shida kubwa zaidi. "Gari nimeshalitangaza. Majirani niwaambie nini, limerudi?"

Wakamgeukia Kapteni awasaidie. Alikuwa ndiye mkali wao, ndiye aliyeanzisha habari za kiti na vioo. Alimngoja mama apenge kamasi.

"Mimi nilitaka aende kwenye kampuni," alisema. "Na zile ngazi bado siwezi kuzipenda. Lakini Alhamisi nilikaa pale juu nikidhani mtoto wangu yumo shimoni. Jengo zima lilikuwa linataka lifti. Mimi mwenyewe nilikuwa naitaka, mabega yalikuwa yanawaka moto. Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama kati ya mwanangu na ile swichi. Wengine wakampe mwanangu mashati. Mimi nataka afanye kazi na yule."

Mara shangazi akapiga makofi kama aliyekumbuka kitu.

"Haya. Basi nitawaambia majirani kwamba kampuni imemkosa."

Na ndivyo alivyowaambia, tena alitia chumvi: kampuni imelia.

Kampuni haikulia, ila ilipiga simu. Jumatatu msimamizi alimwongezea mpaka laki kumi na nusu. Binti alimshukuru, akamwuliza swali moja tu, kama ule mkasi bado uko garini.

"Mkasi gani?" msimamizi aliuliza. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau.

"Si mtu mbaya," anasema Binti Kufuli. "Alininunulia soda. Lakini mimi siwezi kusahau, na yeye ameshasahau. Tungekaaje pamoja?"

Maisha hayajawa mteremko. Katika laki nne na nusu, laki na nusu inakwenda kwa mama, elfu sabini ni ada za mdogo wake anayepiga mateke, na alfajiri anatembea dakika arobaini kwa miguu kwa kuwa mabasi bado yamelala. Mama mwenyewe, fundi cherehani wa kutegemewa mtaa mzima, amekataa katakata kuipunguza ile ovaroli. "Siku mshahara ukiongezeka, na nguo itapungua," anasema, na cherehani zake mbili zinashuhudia.

Lakini tangu aanze, miezi saba sasa, lifti imesimama mara mbili tu. Miezi saba kabla ya hapo ilisimama mara kumi na moja. Katibu wa hospitali, yule wa tai, amenunua makufuli manane ya rangi mbalimbali na kubandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha mashine: kufuli la mtu lisikatwe mpaka mwenyewe aonekane. Amelitia saini kwa wino mzito, na mtu akimwuliza hujibu kwamba wazo lilikuwa lake. Mzee Grisi hajabisha. Barua ya onyo ilifika kweli, naye ameipachika chini ya mguu wa meza ya karakana, ambayo zamani ilikuwa inayumba.

Kapteni sasa husafiri na wagonjwa wake kwa lifti, na haipandi kimya. "Usiegemee mlango, bwana. Hii lifti ni ya mwanangu." Wagonjwa wengine wanashuka ghorofa ya nne wakiwa wameshajua matokeo yake ya chuo, somo moja moja.

"Anasema mpaka yale niliyofeli," binti analalamika, lakini uso wake hausaidii lalamiko hilo.

Mzee Grisi anakaribia kustaafu, na Binti Kufuli amejiandikisha kufanya mtihani wa leseni ya ukaguzi wa lifti ili kazi isije kuangukia mtu wa kutoka nje anayehesabu dakika. Anasoma usiku chini ya taa ya cherehani. Tena ana jambo jingine kichwani, nalo ni kubwa kuliko yeye.

Upande wa pili wa ngazi, nyuma ya mlango uliopigiliwa mbao, kuna shimo la pili. Waliojenga hospitali walilijenga kwa ajili ya lifti ya pili, pesa zikaisha, shimo likageuka stoo ya vitanda vibovu. Amelipima lote kwa futi, ghorofa kwa ghorofa. Amechora. Amepeleka michoro kwa kamati ya hospitali, na kamati, baada ya kuiweka wiki sita, imempa jibu ambalo si hapana: alete makadirio ya gharama mwezi ujao.

Kapteni amebakiza miaka mitatu kazini. Amekwishatangaza wodi zote kwamba siku lifti hiyo ikiwashwa, abiria wa kwanza ni yeye, na koti lake jeupe litakuwa limepigwa pasi.

Binti Kufuli anashusha mabega, anaufuta mkono kwenye ovaroli na kutikisa kichwa.

"Baba atapanda," anasema. "Lakini wa kwanza kupanda ni fundi aliyeifunga, peke yake, kuanzia chini mpaka juu na kurudi. Ikinirudisha salama, ndipo nitamfungulia mlango. Kapteni au si Kapteni, atasubiri kwenye foleni kama wenzake."